Fizikia yangu ni ya kuchechemea: je, nitaiweza shahada ya teknolojia ya mionzi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari. Biolojia nimefaulu vizuri, lakini fizikia nimepata alama za kupitia tu. Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya teknolojia ya mionzi na nyumbani wamegawanyika. Mama anasema mionzi itaninyima watoto. Kaka anasema nitasoma miaka yote hiyo ili nije kubonyeza kitufe, tena akili mnemba itaichukua kazi yenyewe kabla sijahitimu. Wengine wananiambia stashahada inatosha, shahada ni kupoteza muda. Naomba unieleze masomo yenyewe yakoje, na kama mtu wa fizikia dhaifu anaweza kuyamaliza.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na kaka yako, kwa sababu hiyo hoja yake ya kitufe inagusa karibu kila kitu ulichouliza. Kitufe kipo kweli. Kwenye picha ya kifua mionzi hutoka kwa muda mfupi sana, mara nyingi hata sehemu ya kumi ya sekunde haifiki. Shahada nzima inahusu dakika chache zinazotangulia hapo na ile dakika moja inayofuata.

Chukua hiyo hiyo picha ya kifua, ambayo mwanafunzi hufundishwa mapema na watu hudhani ni nyepesi. Fomu imekuja: mama wa miaka hamsini na kitu, anakohoa wiki ya tatu sasa. Unaisoma kwanza uone daktari anatafuta nini. Unamwita, kisha unamwacha ataje mwenyewe jina na tarehe yake ya kuzaliwa. Humtajii wewe, maana mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote utakaloita. Unamwomba avue mkufu na nguo yenye vyuma, na kama ana nywele zilizosukwa unazibana juu ya kichwa, kwa sababu msuko ulioangukia begani hutokea kwenye ncha ya pafu kama kivuli cha ugonjwa. Unamsimamisha kifua kikiwa kimeegemea ditekta, yaani bamba linalopokea mionzi, na mgongo ukielekea tyubu inayoitoa, sentimita 180 kutoka kwenye tyubu. Kwa nini asigeuke kinyume chake? Kwa sababu moyo umekaa mbele. Ukiwa karibu na ditekta haukuzwi sana, na daktari hatadanganyika akadhani umevimba. Kidevu juu, mabega yasogezwe mbele ili mabapa yake yaondoke juu ya mapafu. Unamwambia avute pumzi, aitoe, avute tena na kuibana. Pumzi ya pili ndiyo unayoitaka, huwa ya kina zaidi.

Sasa picha imetokea kwenye skrini na hapo ndipo mwanafunzi hutofautiana na mbonyezaji. Unahesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Zikifika kumi, pumzi ilitosha. Unaangalia ncha za ndani za mitulinga miwili: je, ziko umbali sawa kutoka kwenye mstari wa uti wa mgongo? Zikitofautiana, mgonjwa alijipinda, na kwa kujipinda huko pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine na katikati ya kifua patatanuka bila ugonjwa wowote. Pembe za chini za mapafu zimekatwa? Alama ya kulia au kushoto ipo? Halafu linakuja swali ambalo hakuna mashine itakayokujibia: picha ina kasoro, je, nirudie? Ukirudia, umempa mgonjwa mionzi mara mbili. Usiporudia, pengine umempelekea daktari kitu kisichojibu swali lake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutaka kurudia kila picha isiyofanana na ya kitabuni. Aliyeiva husema, "Imejipinda kidogo, lakini alichokiuliza daktari kinaonekana," akaiacha. Miaka yako chuoni itatumika kukufikisha hapo.

Tuje kwenye fizikia inayokunyima usingizi. Utakayokutana nayo ni sehemu nyembamba ya fizikia, ila inachimbwa hadi chini. Hakuna atakayekuuliza habari za kombeo wala mwendo wa magari. Ni umeme, sumaku, muundo wa atomu, joto, na jinsi mionzi inavyopita au kunaswa inapokutana na kitu. Ndani ya tyubu, filamenti hupashwa moto, elektroni hutoka, kisha huvutwa kwa makumi ya maelfu ya volti hadi zigonge anodi. Karibu asilimia 99 ya nishati hiyo huishia kuwa joto tu. Asilimia 1 hivi ndiyo inayokuwa eksirei. Ukishaielewa sentensi hiyo, mengine yanafuata yenyewe. Anodi hutengenezwa kwa tungsteni kwa kuwa metali hiyo haiyeyuki hadi ifike nyuzi 3,422 za Selsiasi. Huzungushwa ili joto lisipige mahali pamoja. Na siku mashine itakapogoma katikati ya foleni ndefu ya wagonjwa, hutaanza kuipigapiga. Utajua tyubu inasubiri kupoa.

Hesabu zake ni za uwiano zaidi kuliko kitu kingine. Mfano: picha inatoka vizuri ukiwa umbali wa sentimita 100 kwa 10 mAs, yaani kipimo cha wingi wa mionzi uliyoitoa. Ukilazimika kurudi nyuma hadi sentimita 200, utahitaji ngapi? Umbali umekuwa maradufu, mionzi inayofika imebaki robo, basi unahitaji 40. Mfano mwingine: ukiongeza kilovolti, yaani ile nguvu inayovuta elektroni, kwa asilimia 15, ditekta hupokea karibu sawa na kama ungezidisha mAs mara mbili. Kwa hiyo kutoka kilovolti 70 unapanda hadi 80 hivi, na mAs unaikata nusu. Mgonjwa anapata mionzi pungufu na muda wa kupiga unapungua, jambo la maana sana kwa mtoto anayelia au mzee anayetetemeka. Gharama yake ni kwamba mionzi inayotawanyika inaongezeka na tofauti ya weupe na weusi inafifia. Unaona? Swali limeanza kwenye hesabu likaishia kwa mgonjwa. Kama uliweza kutafuta uwiano na kukokotoa kipeo cha pili sekondari, kichwa cha kuyaweza haya unacho.

Sehemu inayowapendeza wanafunzi wengi wa biolojia ni ile ya unaswaji wa mionzi. Katika nishati tunazotumia hospitalini, uwezekano wa kitu kuinasa kabisa eksirei hupanda kwa kipeo cha tatu cha namba yake ya atomiki. Nyama na maji vimejaa haidrojeni, kaboni na oksijeni, atomu ndogo ndogo. Mfupa una kalisi, namba 20. Ndiyo sababu mfupa ni mweupe. Tukitaka mishipa ya damu ionekane tunaingiza dawa yenye iodini, namba 53. Tukitaka umio na tumbo, mgonjwa anakunywa bariamu, 56. Na aproni tunayovaa ni ya madini ya risasi, 82. Kanuni hiyo moja imekueleza vitu vinne ambavyo mwenzako atavikariri mbalimbali.

Niliowaona wakishindwa fizikia hii kwa kawaida ni wale wanaoisomea bwenini tu. Chuo chochote cha maana kina fantomu, yaani sanamu yenye mifupa ndani, ya kufanyia mazoezi bila kumgusa binadamu. Omba nafasi ya kuingia maabara, badilisha kitu kimoja tu kila mara, kilovolti leo, umbali kesho, gridi (kichujio cha mionzi iliyotawanyika) siku nyingine, kisha zipange picha pembeni moja baada ya nyingine. Na jihadhari na raha ya mashine za kidijitali. Zamani filamu ilikuumbua papo hapo: ukizidisha mionzi ilitoka nyeusi tititi. Siku hizi kompyuta inasawazisha mwanga wa picha, hivyo aliyempa mgonjwa mionzi mara tatu ya inayohitajika anapata picha nzuri, tena nzuri kuliko ya mwenzake aliyepatia, na bila kujua anaendelea hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Kuna namba kwenye skrini inayoonyesha mionzi kiasi gani imefika kwenye ditekta. Jizoeze kuisoma kila picha, hata kama msimamizi wako mwenyewe haisomi.

Mzigo mzito kuliko fizikia ni anatomia, na hapo biolojia yako itakubeba kwa kiasi tu. Mtu mzima ana mifupa 206. Mkono peke yake kuanzia kwenye kifundo una 27, na utatakiwa uijue kwa majina, kwa umbo, na kwa jinsi inavyofunikana ikitazamwa kutoka kila upande. Kujua mfupa uliowekwa mezani na kuujua mfupa uliolaliwa na mingine mitatu kwenye picha ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mfano wake ni skafoidi, kifupa kidogo cha kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Mtu ameanguka akajikinga kwa kiganja, anaumwa hapo. Picha ya kawaida huuonyesha mfupa huo umejikunja, mfupi, ufa wake umejificha. Mteknolojia anayejua anaugeuza mkono uelekee upande wa kidole cha mwisho, skafoidi inajinyoosha, anapiga tena kwa pembe nyingine. Kwa nini tusumbuke hivyo kwa mfupa mdogo kama huo? Kwa sababu damu yake huingilia zaidi upande wa mbali, kuelekea vidole. Ukivunjika katikati, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu na kufa, na mgonjwa akabaki na kifundo kibovu maisha yake yote. Hata hivyo ufa mpya unaweza usionekane kabisa siku ya kwanza, ndiyo maana daktari hufunga mkono na kuagiza picha nyingine baadaye. Jifunze kila mfupa kwa mtindo huo, yaani pamoja na sababu ya kuupiga hivyo unavyopigwa, na hautakutoka kichwani.

Na ujifunze kwa vidole vyako. Ukiinamisha kichwa, pingili inayotokeza chini ya shingo kwa kawaida ni ya saba ya shingo. Kona ya chini ya bapa la bega iko karibu na pingili ya saba ya kifua. Kingo za juu za mifupa ya nyonga, pale watu wanaposhika kiuno, ziko usawa wa pingili ya nne na ya tano za kiuno. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha pa kulenga, maana mgonjwa haji na mistari mwilini.

Kuhusu mpangilio wa miaka sitakawia, kwa sababu vyuo hutofautiana. Shahada huchukua miaka mitatu au minne. Mwanzo ni anatomia, fizikia, lugha ya kitabibu na namna ya kumhudumia mgonjwa. Katikati ni mikao ya picha, magonjwa, na kinga dhidi ya mionzi. Mwishoni unaingia CT (eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande), MRI (picha za sumaku), ultrasaundi, picha za matiti na tiba ya nyuklia, pamoja na anatomia ya vipande, ambapo mwili unaonekana kama umekatwa nyama kwa nyama na unatakiwa ujue ulipo. Wengi huona hapo ni kama wameanza upya. Kuna utafiti mdogo wa kuhitimu pia.

Mafunzo kwa vitendo hospitalini ndiyo nusu ya pili ya shahada, na si kwa maneno tu. Utakuwa na daftari la picha ulizopiga, kila aina ikihitaji saini ya msimamizi. Utasimama kutwa. Utasukuma vitanda, utamnyanyua mtu mzito kuliko wewe, utafanya zamu za usiku, na mara nyingi hutalipwa. Utavaa aproni ya risasi kwenye chumba cha upasuaji hadi mabega yaume. Utampata mlevi anayetukana, mtoto anayepiga mateke, na majeruhi wa ajali aliyefungwa kola ya shingo ambayo hutaruhusiwa kuivua hata kama inakuharibia picha, mpaka daktari mwenye dhamana aseme shingo ni salama. Kwenye picha ya shingo ya pembeni ni lazima ionekane hadi pale pingili ya saba inapokutana na ya kwanza ya kifua, na mabega ya mtu aliyelala chali hupaziba hapo hapo. Kuna mkao maalumu wa kupaonyesha mahali hapo. Utauchukia kabla hujauzoea.

Halafu kuna lile swali ambalo mtihani hauliulizi vizuri. Mgonjwa anashuka kitandani, anakutazama usoni na kukuuliza, "Umeona nini?" Wewe umeona. Pengine umeona kitu kikubwa. Kusoma picha na kutoa jibu ni kazi ya daktari wa radiolojia, na hutakiwi kumwambia mgonjwa ana saratani wala kwamba hana. Unajifunza kusema kwa utulivu kwamba picha zimekamilika na daktari atazisoma, ampe majibu kamili. Hapo hapo unajifunza kutokaa kimya pale pasipostahili ukimya: ukiona hewa imejaa kifuani na kuusukuma moyo upande, au damu kwenye ubongo, unachukua simu na kumpigia daktari kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kuifundisha sura yako isiseme chochote mbele ya mgonjwa huku mkono unatafuta simu ni ujuzi, tena huchukua muda kuupata.

Sasa mama. Hofu yake ina asili, na usimjibu kwa kumcheka. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen aligundua eksirei Novemba 8, 1895, na miaka ya mwanzo watu walizichezea kwa mikono mitupu. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliunguzwa na mionzi, akakatwa mikono, akafariki mwaka 1904. Edison mwenyewe akaiacha kazi hiyo kwa woga. Mjini Hamburg kuna mnara uliojengwa mwaka 1936 wenye majina ya madaktari, mafundi na wauguzi waliouawa na mionzi waliyoifanyia kazi. Masharti unayokwenda kufundishwa yalitokana na watu hao.

Leo kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka zikihesabiwa kwa miaka mitano, na pasiwe na mwaka hata mmoja unaozidi 50. Hapo ni kikomo, si kiasi unachotarajiwa kupata. Mteknolojia wa eksirei za kawaida anayesimama nyuma ya ukuta wa kinga hupata sehemu ndogo tu ya hizo, mara nyingi chini ya milisivati 1 kwa mwaka. Binadamu yeyote, hata asiyewahi kuiona hospitali, hupata wastani wa karibu 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ama kuhusu uzazi, mwanamume huanza kupungukiwa mbegu kwa muda akipigwa takribani miligrei 150 kwenye korodani kwa mkupuo mmoja. Kwa mwanamke, utasa wa kudumu huanzia kwenye maelfu ya miligrei kwenye ovari. Kwa eksirei za uchunguzi, miligrei moja ni karibu sawa na milisivati moja, kwa hiyo hata mama anaweza kulinganisha mwenyewe. Tena mashine ya eksirei ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki chumbani, haishiki kwenye nguo, na huwezi kuipeleka nyumbani.

Kinachohitaji uangalifu ni mimba. Ukishika mimba ukiwa masomoni au kazini, unamjulisha msimamizi kwa maandishi mapema. Kuanzia hapo kazi yako hupangwa ili kiumbe kisizidishe milisivati 1 kwa kipindi chote kilichobaki. Wateknolojia wengi wamezaa wakiwa kazini na wameendelea na kazi. Beji ya kupimia mionzi utaivaa kila siku, na matokeo yake ni haki yako kuyaona. Anayeiacha beji ndani ya chumba cha mashine imening'inia kwenye aproni atapata majibu ya aproni, si yake.

Mbinu zenyewe za kujikinga ni tatu: muda mfupi, umbali mrefu, kizuizi katikati. Umbali ndio wa bei nafuu na ndio unaodharauliwa. Ukipiga picha wodini kwa mashine ya kusukuma, hatari yako ni mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, na kwa umbali wa mita moja hiyo huwa karibu moja ya elfu ya ile iliyompiga. Rudi nyuma hadi mita mbili na umeikata kuwa robo ya hapo. Nikuambie na jambo litakalokuchanganya: utafundishwa na vitabu vya zamani kumfunika mgonjwa nyeti zake kwa risasi kila mara. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilitoa tamko la kuacha desturi hiyo kama jambo la kawaida, kwa sababu faida yake ni ndogo mno na kipande cha risasi kikikaa vibaya huficha ugonjwa au huifanya mashine inayojipimia iongeze mionzi. Hospitali nyingine zimeacha, nyingine bado. Utafuata utaratibu wa mahali ulipo, ila ujue sababu.

Kinyume na watu wanavyodhani, chumba ninachokiogopa zaidi hakina eksirei hata kidogo. MRI hutumia sumaku, na sumaku hiyo haizimwi jioni; iko kazini usiku na mchana. Ya tesla 1.5 ina nguvu takribani mara elfu thelathini ya usumaku wa dunia. Mwaka 2001 huko Marekani mtoto wa miaka sita alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kurushwa na sumaku hadi kichwani kwake. Ukifika kwenye somo hilo, maswali ya usalama utakayofundishwa kumuuliza mgonjwa (betri ya moyo, vipande vya chuma machoni, klipu kwenye mishipa ya ubongo) yaulize yote, kila mara, hata kwa yule aliyekuja juzi.

Akili mnemba, basi. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa magwiji wa fani hiyo, alisema ni wakati wa kuacha kufundisha madaktari wa radiolojia kwa sababu kompyuta zingewapita ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ilipita, madaktari hao wapo na kazi imewazidi. Na hao ni wasomaji wa picha. Wewe ni mpigaji. Programu tayari zinasaidia kumweka mgonjwa katikati ya mashine ya CT, zinasafisha picha ili mionzi ipungue, zinanyoosha kidole kwenye mfupa uliovunjika. Hizo utazitumia, na sehemu ya kazi yako itakuwa kugundua zinapokosea. Kumtoa bibi aliyevunjika nyonga kwenye kiti cha magurudumu, ukajua mguu upi usiuzungushe na tyubu uizungushe wapi badala yake, bado kunahitaji mtu.

Stashahada au shahada? Kwa kupiga picha za kawaida, mhitimu mzuri wa stashahada hana cha kuonea haya, na nimefanya kazi na wengine walionipita mkono. Shahada inakufaa zaidi ukiwa na hamu ya CT na MRI, kufundisha, kusimamia idara, kinga ya mionzi, au kusoma zaidi. Kama fedha ndiyo kikwazo, kuanza na stashahada kisha kujiendeleza ukiwa kazini ni njia halali, alimradi uthibitishe mapema kwamba chuo cha shahada kitazitambua alama zako. Wewe umeshapata nafasi ya shahada. Kama ada ipo, sioni sababu ya kushuka.

Ninachokusihi ni kukichunguza chuo kabla ya kulipa. Je, mamlaka inayosajili wateknolojia mahali unapotaka kufanya kazi inaitambua shahada yake? Usiulize chuo peke yake. Waulize wenye kusajili. Hospitali za mafunzo wameshaingia nazo mkataba au mwanafunzi anajitafutia? Kuna wanafunzi wangapi kwa mashine moja? Na uikimbie shahada inayodai kukufundisha yote mtandaoni. Nadharia inawezekana, ila hakuna aliyejifunza kumlaza mgonjwa kwa kutazama skrini.

Ukiwa na muda kabla ya kujibu barua ya chuo, omba ruhusa ukae asubuhi moja kwenye kitengo cha mionzi cha hospitali iliyo karibu nawe, utazame tu. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Na kile kitabu cha fizikia cha sekondari usikigawe bado: rudia sura za umeme, sumaku na muundo wa atomu kabla muhula haujaanza, zile za mwendo unaweza kuziacha.